Maumivu ya viungo vya ndani, na hii habari ya mafuta ya bangi

Msaidizi_Micheweni

Assalaam alaykum wakubwa na wenzangu. Nina maswali mawili yanayofuatana, na nataka majibu ya wanaoijua kazi.

La kwanza ni maumivu ya viungo vya ndani. Huku shehiani Pemba kinachouma chini ya kitovu kinaitwa chango, kinachochoma ubavuni kichomi, kinachoshuka kinenani mshipa, na dawa ya yote matatu ni panadoli mbili, zikishindwa diklofenaki ya dukani. Ukimwambia mgonjwa aoneshe panapouma anapitisha kiganja tumbo zima. Sasa mtu asiye na ultrasaundi aulize nini na atazame nini, ajue yupi wa kungoja asubuhi na yupi wa kutafutiwa gari ya Chake Chake usiku huu?

La pili ni bangi. Familia zenye jamaa Uingereza na Canada zinaambiwa huko madaktari wanaandika mafuta ya bangi kwa maumivu. Kuna mama wa miaka 58, ana saratani ya kongosho, yuko nyumbani, anakunywa tramadoli mg 50 mara 4 kwa siku na bado halali. Mwanawe ameahidi kuja na chupa ya mafuta ya CBD (kemikali ya bangi isiyolevya), asilimia 5, ml 10, atie matone 5 chini ya ulimi asubuhi na jioni. Je, kwa maumivu ya aina hii yanasaidia? Dozi hiyo ina maana yoyote? Na sheria yetu inasemaje?

Dokta wa Zamu

Waalaykum salaam. Nashika la kwanza, la bangi nawaachia wafamasia.

Hicho kiganja kinachopita tumbo zima ni dalili, kiandike kama kilivyo. Ngozi ina nyuzi nyingi za fahamu, ndiyo maana mtu aliyechomwa na mwiba anapaonesha kwa ncha ya kidole. Viungo vya ndani vina nyuzi chache, nazo zinaingia uti wa mgongo pale pale zinapoingia za ngozi na misuli. Ubongo unapokea taarifa bila anwani, unabahatisha. Kwa hiyo nyongo inauma kwenye bega la kulia, bandama iliyopasuka inauma bega la kushoto, kongosho linauma mgongoni, jiwe la figo linauma hadi kwenye korodani, na moyo unaweza kuuma chini ya kifua ukadhani ni kiungulia.

Jambo jingine: utumbo ukikatwa hauhisi. Unahisi ukivutwa, ukijaa hewa, ukijikaza, ukikosa damu au ukivimba. Ini lenyewe halina maumivu kabisa, kinachouma ni ule utando uliolifunika, ini linapotutumka haraka likauvuta. Ndiyo sababu kila chanzo kinataka dawa yake. Parasetamoli, yaani hiyo panadoli, hailegezi utumbo uliojikaza wala haipunguzi shinikizo ndani ya mrija wa mkojo uliozibwa na jiwe.

Ramani ya jumla: tumbo lenyewe (mfuko wa chakula), nyongo na kongosho huanza kuuma katikati chini ya kifua. Utumbo mwembamba na kidole tumbo huanza kitovuni. Utumbo mpana, kibofu na kizazi huuma chini ya kitovu. Nimesema "huanza" kwa makusudi. Kidole tumbo huanza kitovuni kwa maumivu mazito yasiyo na mahali, mgonjwa anakataa chakula, anatapika kidogo, kisha ndani ya saa 12 hadi 24 maumivu yanahamia chini kulia na sasa anaweza kukuonesha kwa kidole kimoja. Kule kuhama maana yake uvimbe umefika kwenye ngozi ya ndani ya ukuta wa tumbo, ambayo ina nyuzi kama za ngozi ya nje. Mgonjwa aliyeanza na kiganja akaishia na kidole, usimlaze nyumbani.

Sasa mtazame anavyokaa. Mwenye jiwe la figo hatulii, anazunguka chumba, anakaa, anasimama, anainama. Mwenye usaha au tundu ndani ya tumbo anaganda, hata kukohoa hataki, na ukiligusa tumbo ni gumu kama ubao. Mwenye kongosho lililovimba anapata nafuu akiketi na kuinamia mbele. Mwenye mawe ya nyongo mara nyingi amekula mafuta jioni, sema biriani ya harusi, maumivu yakamshika usiku chini ya mbavu za kulia yakamtoboa hadi chini ya bega, yakadumu nusu saa hadi saa chache yakaacha. Yakipita saa 6 na homa ikaingia, si mawe tu tena, mfuko wa nyongo umeshavimba.

Uliza: yalianza ghafla au polepole, yanakuja kwa mawimbi au yamekaa pamoja, yanakwenda wapi, mkojo ukoje, choo kikoje, na kwa mwanamke, hedhi ya mwisho lini. Hili la hedhi uliza kila mara, hata ukiambiwa ni bikira, na uliza faragha, mama mkwe akiwa ukumbini. Mwanamke aliyekosa hedhi, tumbo la chini linauma, anaona kizunguzungu, na bega linauma bila kuumia: hiyo ni mimba nje ya kizazi mpaka ithibitike vyenginevyo, na damu inamwagika ndani.

Wa kuondoka usiku huo huo ni hawa: tumbo gumu, kutapika damu au nyongo ya kijani mfululizo, choo cheusi cha kunata, kutotoa choo wala hewa na tumbo kujaa, manjano ya macho pamoja na homa na kutetemeka, maumivu ya ubavu wa figo pamoja na homa (figo iliyozibwa ikaingia vijidudu inaua haraka), mtu mzima au mwenye kisukari anayetoka jasho jembamba na kuumwa chini ya kifua. Na mtoto wa kiume anayelia tumbo la chini, mvue nguo utazame korodani. Iliyojisokota ina kama saa 6 kabla ya kufa. Wengi wanapotezwa kwa kuambiwa "mshipa huo, mpake mafuta".

Dawa, kwa ufupi. Kwa maumivu ya kujikaza kwa utumbo, nyongo au mrija wa mkojo kuna hyoscine, wengi mnaijua kwa jina la Buscopan, mg 10 hadi 20, mpaka mara 4 kwa siku. Kidonge chake kinanyonywa kidogo sana na tumbo, sindano ya mg 20 ndiyo yenye nguvu. Usimpe mwenye tezi dume lililomzuia mkojo wala mwenye glakoma (presha ya macho). Kwa jiwe la figo diklofenaki mg 75 ya sindano ndani ya msuli inafanya kazi vizuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu inapunguza shinikizo ndani ya figo. Lakini diklofenaki hiyo hiyo kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, mimba kubwa au aliyekaukiwa maji ni hatari. Anayekuja na maumivu chini ya kifua na amekuwa akimeza diklofenaki mwezi mzima kwa ajili ya goti, huenda dawa ndiyo ugonjwa.

Na huku kwetu msisahau kichocho. Kuumwa kibofu, mkojo wenye damu khasa matone ya mwisho, mtu wa bonde la mpunga au mtoto anayeoga mtoni: prazikwanteli mg 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja, baada ya kula. Mwenye kilo 60 ni mg 2,400, yaani vidonge 4 vya mg 600. Kikiachwa miaka, kovu linaziba mirija ya mkojo na figo zinaharibika kimya kimya.

Mwisho, ile imani kwamba ukimpa mgonjwa dawa ya maumivu utamficha daktari ugonjwa: imeshapimwa, haisimami. Mpe, kisha andika jina la dawa, kiasi na saa kwenye karatasi aondoke nayo. Chakula ndiyo usimpe, huenda akapasuliwa.

Mfamasia wa Mkunazini

Mimi naja kwenye chupa.

Hesabu kwanza. Mafuta ya asilimia 5, ml 10, yana mg 500 za CBD kwa chupa nzima. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo tone moja ni mg 2.5. Matone 5 mara mbili ni mg 25 kwa siku. Sasa linganisha na ugonjwa ambao CBD imethibitishwa: aina chache za kifafa kikali cha watoto, ambako Marekani iliidhinisha dawa ya Epidiolex mwaka 2018. Dozi yake ni mg 10 hadi 20 kwa kilo kwa siku. Mtu wa kilo 50 angehitaji mg 500 hadi 1,000, chupa moja mpaka mbili kila siku. Hiyo ya matone kumi ni harufu tu ya dawa.

Halafu chupa yenyewe. Uingereza iliruhusu madaktari bingwa kuandika dawa za bangi tangu Novemba 2018, lakini chupa za CBD zilizojaa madukani kule si dawa, zinauzwa kama virutubisho. Utafiti wa Marekani wa 2017 ulipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni: 26 tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC, ile kemikali inayolevya. Kwa hiyo mwana anaweza kupita bandarini au uwanja wa ndege akiamini kabeba kisicholevya, kumbe amebeba kinacholevya.

Zinafanyaje kazi? Mwili una vipokezi vya aina mbili vinavyopokea kemikali zinazofanana na za bangi. CB1 viko kwa wingi kwenye ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu ya utumbo. CB2 viko zaidi kwenye chembe za kinga. THC inashika CB1, inapunguza taarifa za maumivu, inapunguza kichefuchefu, na pia inapunguza mwendo wa tumbo na utumbo. Kwa panya wa maabara matokeo ni mazuri mno. Kwa binadamu mwenye maumivu ya viungo vya ndani, yamevunja moyo. Uholanzi walichukua wagonjwa 65 wenye maumivu sugu ya tumbo, wengine kwa kongosho lililovimba kwa muda mrefu na wengine baada ya upasuaji, wakawapa vidonge vya THC hadi mg 8 mara 3 kwa siku kwa wiki 7 hivi. Matokeo yalichapishwa 2017: hakuna tafauti na vidonge vitupu visivyo na dawa. Wenye utumbo unaouma bila kidonda walipewa THC kisha utumbo ukajazwa hewa kwa kipimo. Kizingiti cha maumivu hakikubadilika. Kwa ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), katika tafiti ndogo wagonjwa walijisikia vizuri, lakini uvimbe ndani ya utumbo ulibaki pale pale. Hilo la mwisho linanitia hofu kuliko yote: mtu anajiona kapona huku utumbo unaendelea kuliwa.

Kwa maumivu ya saratani, ile dawa ya kupuliza mdomoni ya Sativex (kila mpulizo una THC mg 2.7 na CBD mg 2.5) ilijaribiwa kwa waliokuwa tayari kwenye morfini na bado wanaumwa. Majaribio makubwa hayakufikia lengo lake kuu. Mahali bangi-dawa inapoonesha faida ni maumivu ya mishipa ya fahamu iliyoharibika, na faida yenyewe ni ndogo; kukakamaa kwa misuli kwa wenye ugonjwa wa MS, unaoshambulia ubongo na uti wa mgongo; na kutapika kwa dawa za saratani pale dawa za kawaida zinaposhindwa. Mwongozo wa 2019 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema THC isitolewe kwa maumivu sugu ya watu wazima. Jopo la jarida la BMJ mwaka 2021 liliruhusu kuijaribu, isiyovutwa, kwa wale ambao matibabu ya kawaida hayakuwatosha, nalo likauita ushauri wao dhaifu. Basi hao ni wataalamu wa nchi ambazo dawa ni halali na imepimwa.

Ugomvi na dawa nyengine: CBD inaongeza nguvu ya warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), damu ikawa nyepesi kupita kiasi, inapandisha vimeng'enya vya ini, khasa kwa anayetumia valproeti (dawa ya kifafa), nayo rifampisini ya kifua kikuu inaishusha CBD na THC kwenye damu. THC juu ya tramadoli, morfini au diazepamu inazidisha usingizi na kuanguka. Na kwa mama huyu: utumbo umeshalegezwa na tramadoli, ukiongeza kitu kingine kinachopunguza mwendo wake unamfungia choo.

Msokoto wa bangi wa mtaani ndiyo usiutaje. Nusu gramu ya majani yenye asilimia 10 ya THC ina mg 50, wakati dozi ya kuanzia ya kumeza hospitalini ni mg 2.5. Hata nyingi ikiungua, hakuna anayejua ameingiza ngapi. Akipikiwa kwenye chakula ni vibaya zaidi: THC ya kumeza inaanza baada ya nusu saa hadi saa 2, mtu haoni kitu, anaongeza, halafu dozi zote mbili zinamfika pamoja na zinakaa saa 6 mpaka 8. Majani yenye kuvu kwa mwenye kinga iliyoshushwa na dawa za saratani yanaweza kumpa ugonjwa wa mapafu.

Sheria. Bangi ni dawa ya kulevya Zanzibar na Bara, na kila upande una mamlaka yake ya kupambana nayo. Disemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi kwenye jedwali la nne (la zilizobanwa zaidi) la Mkataba wa 1961 kwa kura 27 dhidi ya 25, na watu wakaeneza kuwa imehalalishwa duniani. Imebaki jedwali la kwanza, pamoja na morfini, na kila nchi inaamua. Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha dawa 2017, sisi hatujafanya hivyo. Karatasi ya daktari wa London haimpi mtu ruhusa ya kuishusha bandarini Malindi, Unguja. Mwambieni kijana aiache huko huko.

kijana_wa_Ngambo

Samahani wakubwa. Mbona kuna watu wanavuta miaka na wanasema tumbo likiwashika wakivuta linaacha? Wanadanganya wote?

Mfamasia wa Mkunazini

Hawadanganyi, mdogo wangu, ila wengine wao bangi ndiyo inayowashika tumbo. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza Australia mwaka 2004. Mtu aliyevuta karibu kila siku kwa miaka anaanza kuamka na kichefuchefu, kisha vipindi vya kutapika mara nyingi kwa siku na maumivu makali katikati ya tumbo. Vipimo vyote safi. Dalili inayomfichua ni kuoga maji ya moto: anakaa bafuni saa nzima, akitoka tu yanarudi. Anavuta zaidi kujitibu, na gurudumu linaendelea.

Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, haimsaidii sana. Hospitali hutumia haloperidoli, maji ya mshipa kwa sababu figo zinaweza kufeli kwa kukaukiwa, na krimu ya kapsaisini, ile kemikali ya pilipili, inapakwa tumboni. Tafadhali asije mtu akasugua pilipili mbuzi, ataungua. Tiba ya kudumu ni kuacha kabisa, na inaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla vipindi havijakoma. Akirudia, vinarudi. Dokta, mtu wa hivi huingia chumba cha upasuaji bure.

Dokta wa Zamu

Kweli, hutokea. Ndiyo maana swali la bangi liulizwe kwa sauti ile ile ya swali la sigara, bila hukumu na bila baba mtu kuwapo. Ila tahadhari: mvutaji naye ana kidole tumbo. Maji ya moto yasikufanye uache kuligusa tumbo.

Nesi Mkoani, huduma shufaa

Mwanangu Msaidizi, turudi kwa huyo mama, maana chupa imechukua maneno mengi na yeye bado halali.

Tramadoli mg 50 mara 4 ni mg 200 kwa siku. Ukomo wake ni mg 400, kupita hapo degedege inanyemelea, na kwa saratani ya kongosho hata huo ukomo mara nyingi hautoshi. Dawa yake ni morfini ya maji ya kunywa. Hiyo ni halali, inaandikwa na daktari, na ndiyo kitu ambacho familia zinakiogopa huku zikitafuta bangi ng'ambo. Anayeumwa kweli akipewa kwa kipimo na kwa saa hageuki teja.

Mwombeni daktari wa hospitali ya wilaya amuone kwa ajili ya kumbadilishia. Kwa kawaida tramadoli ya kumeza mg 100 inalingana na kama mg 10 za morfini ya kunywa, basi mg 200 zake ni kama mg 20 za morfini kwa siku. Ndiyo maana wengi huanzishwa mg 2.5 hadi 5 kila saa 4. Tramadoli inaachwa, haziendi pamoja.

Ratiba inayokaa vizuri nyumbani: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Isingojwe mpaka alie. Maumivu yakitoboa katikati anapewa dozi ya ziada sawa na dozi moja ya kawaida ya kila saa 4 (si ile maradufu ya usiku), na ile ya ratiba haiahirishwi. Kila ya ziada iandikwe. Zikizidi 3 kwa siku, daktari apandishe dozi kwa asilimia 30 hadi 50. Na Ramadhani isiwe sababu ya kuvunja ratiba, mgonjwa ana rukhsa, masheikh watawaeleza familia.

Kosa linalofanyika zaidi ni chupa. Kuna myeyusho wa mg 5 kwa ml 5 na kuna wa mg 10 kwa ml 5. Familia imezoea "kijiko kimoja", wiki inayofuata wamepewa chupa nyengine, kijiko kile kile kimekuwa maradufu. Someni lebo kila mara, pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kijiko cha chai. Chupa ikae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na watoto.

Choo: morfini bila dawa ya choo ni kazi nusu. Bisakodili mg 5 hadi 10 usiku tangu siku ya kwanza, haingojwi afunge. Maji na papai ni vizuri lakini peke yake havitoshi. Kichefuchefu cha siku za mwanzo, metoklopramidi mg 10 mara 3, isipokuwa tumbo limejaa, anatapika na hewa haitoki, hapo utumbo umeziba na metoklopramidi itamsokota zaidi; huyo ni wa hyoscine ya sindano na hospitali. Usingizi siku 2 au 3 za kwanza ni kawaida. Asiyeamshika, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, huyo amezidishiwa, msipe tena na mpelekeni. Mwenye figo dhaifu dozi ipunguzwe na nafasi irefushwe.

Yale maumivu ya mgongoni yanayochoma mfano wa moto yanatoka kwenye fungu la mishipa ya fahamu nyuma ya kongosho. Hapo amitriptilini mg 10 hadi 25 usiku inasaidia, lakini daktari ahakikishe tramadoli imeshaachwa, zikikutana zinaongeza hatari ya degedege. Lipo pia la kuua fungu hilo kwa sindano ya alkoholi, linafanywa na mabingwa. Muulizeni daktari kama rufaa inawezekana. Ini likiwa limevimba na kuvuta utando wake, deksamethasoni mg 4 hadi 8 asubuhi, isiwe jioni, itamkesha.

Msaidizi_Micheweni

Ahsanteni sana, nimepiga chapa yote. Bibi Nesi, moja tu: familia ikiuliza morfini itamuua upesi?

Nesi Mkoani, huduma shufaa

Waambie dozi inayopandishwa kidogo kidogo kwa maumivu haifupishi maisha. Wanaogopa kwa sababu wameizoea kuiona ikiletwa siku ya mwisho, basi wakaona dawa na mauti zimefuatana. Mkianza mapema ataweza kukaa, kula kidogo na kuzungumza na watu wake. Na ukienda kwa daktari nenda na karatasi: alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10 asubuhi, mchana na usiku kwa siku 3, mara ya mwisho alipopata choo, rangi ya macho, kiasi cha mkojo, na dawa zote anazomeza, pamoja na za mganga. Bila karatasi hiyo daktari atakupa tena tramadoli.